Mtama Debe Mbili

Kijijini Jaani kuna sheria ambayo majogoo wanaipenda kuliko pumba. Jogoo haruhusiwi kuoa kabla ya wiki 18, kwa kuwa akili bado haijatulia: utamsikia anawika saa sita za usiku. Tetea huolewa akiwa na wiki 15, mradi baba ameridhia. Na kukiwa na dharura, baraza laweza kushuka hadi 14.

"Mtoto wa kike hukua upesi," hueleza Mzee Kuchi, mwenyekiti wa baraza, huku akitikisa kilemba chake. "Halafu tunamlinda. Akitaga nje ya ndoa, nani atamsitiri?"

Ulinzi wenyewe ulianzia shuleni. Kila muhula ukifunguliwa, Mwalimu Bata aliwapanga matetea foleni nyuma ya choo, akawabonyeza matumbo kwa mdomo wake bapa, mmoja baada ya mwingine. "Vuta pumzi. Geuka. Haya, nenda." Alipofika kwa Shani alibonyeza mara mbili, akanyamaza, akaomba kalamu. Jioni ile Shani alikuwa kwao, madaftari yamefungwa kamba ya katani. Majogoo hawakuwa na foleni yao. Aliyemtia Shani katika mkasa ule alimaliza shule vizuri tu, akapewa cheti cha nidhamu.

Kishingo, rafiki yake, aliona yote hayo akiwa na wiki 14 na siku chache. Siku iyo hiyo alimkuta baba yake uani, amelala chali kwa shibe.

"Shikamoo baba. Nasikia kuna mgeni alikuja."

"Marahaba, mwanangu. Alikuja na mtama debe mbili."

"Urudishe, baba. Mimi nataka kusoma."

Mzee akajipapasa firigisi. "Debe moja limeshaliwa."

Kishingo hakulia. Alikwenda mahakamani kwa Jaji Bundi, ambaye kijiji kizima humkwepa kwa kuogopa uchuro. Bundi alifungua Katiba ya Jaani, akasoma kwamba kuku wote huanguliwa huru, na wote ni sawa. Akauliza: kama ni sawa, hizi wiki tatu zimetoka wapi? Hakuna aliyejibu. Akaitangaza sheria ile kuwa batili, akalipatia baraza mwaka mmoja kuirekebisha.

Baraza likakata rufaa kwa Tai. Hoja zilikuwa zilezile: wanakua upesi, tunawalinda. Tai akaitupa rufaa.

(Msomaji asije akadhani naisema Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Ile inahesabu miaka, hii inahesabu wiki. Wala Kishingo si Rebeca Gyumi, aliyeishinda serikali Mahakama Kuu mwaka 2016, na tena Mahakama ya Rufani Oktoba 2019. Yule ni mwanasheria. Huyu ni kuku asiye na manyoya shingoni.)

Basi ikaundwa Kamati ya Kukusanya Maoni. Walihojiwa majogoo wa kaskazini na wa kusini, wazee wa mila, na bata mzinga mmoja aliyekuwa anapita tu. Mwewe naye aliitwa, kama mdau. Alisema hana kipingamizi na umri wowote. Matetea waliambiwa wasubiri nje, zamu yao itafika. Kwa hesabu ya kuku mwaka ni mwingi: waliosikia hukumu wakiwa na wiki 15 walikuwa na wajukuu Kamati ilipoketi kikao chake cha pili kujadili posho ya kikao cha kwanza.

Baba yake Kishingo naye bado anadaiwa lile debe. Kila Ijumaa mgeni huja kulidai, na kila Ijumaa mzee huwa "ametoka kidogo".

Hata hivyo kitu kimoja kilisogea. Waraka ulishuka kutoka juu: tetea aliyetaga anaruhusiwa kurudi darasani. Ulikuwa mfupi, haukueleza waliofukuzwa zamani walikosa nini. Shani aliusoma mwenyewe ubaoni, akawaacha vifaranga kwa bibi yao, akafika kabla ya kengele. Mwalimu Bata, kwa mazoea, akamwelekeza kwa mdomo nyuma ya choo, matetea walikokwisha kujipanga.

"Shikamoo mwalimu," Shani akasema, bila kusogea. "Leo tuanze na majogoo."