Barua ya Wazi kwa Wazee Mnaoyamaliza Nyumbani

Kwa Mwenyekiti, Mtendaji na wazee wa baraza, kijiji chochote kuanzia Mikindani mpaka Kilambo.



Kwanza pongezi. Kesi ya kubakwa mtoto, ambayo mahakamani mwisho wake ni kifungo kisichopungua miaka 30, ninyi mnaimaliza kati ya adhuhuri na alasiri, kwa chai na mihogo ya kuchemsha. Mtuhumiwa anaomba radhi, mjomba wa mtoto anahesabu noti, mnapeana mikono. Mtoto mwenyewe hayupo. Katumwa maji, asije akawasumbua wakubwa wakizungumza mambo yake.

Nami ni raia mtiifu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayedhulumiwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Huku kwetu mlango wa kwanza wa mamlaka hiyo ni ninyi. Kwa hiyo nabisha hodi, na ninayemkuta mkekani akiandika hati ya suluhu ndiye niliyetumwa kumpa taarifa.

Kwa kuwa shughuli yenu imeshamiri, naomba irasimishwe. Uzoefu tunao. Korosho zetu zinapita stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008, na suluhu za watoto nazo zipite humohumo. Familia ikifika ghalani ipewe namba, na makubaliano yapimwe kwenye mzani mbele ya watu, si nyuma ya nyumba. Kisha yapangwe madaraja. Daraja la kwanza: mtuhumiwa ni mgeni asiye na ndugu kijijini, na huyo apelekwe polisi siku hiyohiyo, kama mnavyofanya sasa. Daraja la pili: ni jirani mwenye mikorosho mingi. Liongezwe na la tatu, ambalo korosho hazina, kwa ajili ya shemeji wa mwenyekiti. Siku ya mnada bei zitangazwe kwa kipaza sauti: ukimya wa mama, kiasi hiki; ukimya wa mwalimu, kiasi hiki; jirani aliyesikia kelele usiku akajifunika shuka, kiasi hiki. Halmashauri ikate ushuru, chama cha msingi kikate chake, gharama za magunia na usafiri zikatwe, na salio, likibaki, aingiziwe mtoto. Malipo yakichelewa tutalalamika redioni kama kawaida yetu. Angalau atapata stakabadhi. Leo hapati hata daftari.

Msishangae ombi hili. Korosho ikiuzwa kwa kangomba, kwa mlanguzi nje ya ghala, mnajua kukasirika. Novemba 2018 Rais Magufuli aliamuru serikali izinunue kilo kwa shilingi 3,300 na jeshi lizisombe, na walanguzi wa kangomba wakasakwa vijiji vizima. Korosho ililindwa na wanajeshi. Mtoto wa darasa la nne analindwa na nani? Ninyi ndio kangomba wake! Mnamuuza bado mbichi, kwa bei ya njaa, kwa mtu yuleyule aliyemuumiza, halafu mnamkanya mama yake asiitie familia aibu. Aibu ya nani? Aliyetenda anapita barabarani anasalimiwa, mtoto ndiye anayehamishiwa kwa bibi yake.

Niwieni radhi wazee wangu, nimepandisha sauti.

Maombi mengine ni madogo. Mtu akipiga 116, simu ya msaada kwa mtoto isiyokula hata senti, kikao cha kumtafuta aliyepiga kisiwe kirefu kuliko cha kumtafuta aliyetenda. Mtuhumiwa akitaka mtumbwi usiku avuke Ruvuma kwenda Msumbiji, mwambieni mto umejaa. Nauli ya bodaboda ya kufuata fomu ya polisi, PF3, isingoje mama auze kuku. Na aliyechezwa unyago akiwa na miaka 11 bado ana miaka 11, hajawa mke wa mtu.

Wala msiseme ni visa vya hapa na pale. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta wasichana karibu 3 kati ya 10, na mvulana karibu 1 kati ya 7, wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, hebu hesabuni vichwa kumikumi. Wavulana hao suluhu zao hazina hata chai.

Jina langu siliandiki. Kuna mtu ninayemfahamu alitoa taarifa katika ofisi moja, na kabla hajafika kwake mtuhumiwa alikuwa ameshalijua jina lake. Msimu ule hakuna aliyempa kibarua cha kuokota korosho. Mkitaka tuseme, daftari la taarifa lifungiwe kabatini, na ufunguo asishike yule shemeji wa mwenyekiti.

Wenu mtiifu.

Nakala: Mjomba wa mtoto. Apewe akisharudisha zile noti.