Posho ya Gari

Miongoni mwa elimu ambazo kila mtu hujidai ubingwa wake bila ya kukaa chuoni, elimu ya kukisia mafuta yatakayoliwa na gari katika safari ndefu ni ya mbele kabisa. Maana mtu akitaja barazani kwamba anakusudia kutoka Mombasa kwenda Kisumu kwa gari, basi hata kabla hajaulizwa kama anakwenda kwa heri au kwa msiba, ataambiwa zitamtosha lita ngapi, na kila atakayemwambia atakuwa na idadi yake, na kila idadi itakuwa na kiapo chake.

Sisi tulikuwa tunakwenda kwa heri. Arusi ilikuwa Kisumu, na binamu yangu, ambaye Mwenyezi Mungu amemruzuku gari la viti saba na moyo usiojua kukataa, alijitolea kutuchukua kwa sharti moja tu, kwamba gari ni lake na petroli ni yetu. Mimi, kwa sababu ya kuonekana siku zote na kalamu mfukoni, nilifanywa karani wa safari, nikapewa daftari na amri ya kuleta hesabu iliyo sahihi. Na kikao cha kuitafuta hesabu hiyo kilifanyika nyumbani kwa Ammu baada ya sala ya isha, kwa kahawa na kashata, kikaendelea hata majirani wakadhani pana posa.

Umbali haukuleta ugomvi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, na kutoka Nairobi hadi Kisumu ni 350 hivi, basi kwenda na kurudi tukaandika 1,660, na kila mtu akaridhika, kwa sababu barabara ni mali ya serikali wala haina jamaa wa kuitetea. Ugomvi ulizuka nilipouliza lita moja hulipeleka gari hilo kilomita ngapi. Binamu alisema 18, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia. Shemeji yangu alisema 14, kwa kuwa aliwahi kuliendesha gari la namna hiyo, ingawa alipobanwa ilidhihirika kwamba alikaa kando ya dereva. Ammu alisema 12, na hakutoa sababu, kwani mtu wa umri wake hatoi sababu. Na fundi anayelitengeneza, ambaye alipigiwa simu akaamshwa usingizini, alisema 10, akakata simu. Kwa bei ya shilingi 180 kwa lita, ambayo ndiyo tuliyoikadiria, neno la muuzaji lilitaka shilingi 16,600, la Ammu 24,900, na la fundi 29,880. Yaani baina ya neno la mtu anayeuza gari na neno la mtu anayelifungua palikuwa na shilingi 13,280, fedha ambazo zingetosha kumvisha bwana arusi kanzu, kofia na viatu.

Nilimfuata fundi, na hoja zangu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni mwinuko: Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko juu yake kwa mita 1,700 hivi, na mbele ya Nakuru, pande za Mau Summit, njia hupita juu zaidi ya mita 2,400 kabla ya kuteremkia Kericho na Kisumu, wala hakuna mlima unaopandwa bure. Ya pili ni upepo: gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha sheria katika barabara kuu, hupambana na hewa kwa nguvu iliyo karibu mara mbili ya ile inayolikabili gari linalokwenda 80, na mizigo ikifungwa juu ya paa upepo hupata pa kushikia. Ya tatu ni uzito, na hapo nilinyamaza, kwa sababu Shangazi alikuwa akinitazama.

Shemeji, ambaye hupenda akiba kuliko anavyopenda fedha, alileta rai mbili. Rai ya kwanza ilitegemea tangazo la Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, ambayo kila tarehe 14 hutangaza, mji kwa mji, bei za juu za mafuta zitakazotumika kuanzia kesho yake. Na katika bei hizo Mombasa aghalabu huwa nafuu kuliko bara, maana mafuta huteremshwa bandarini kwetu, kisha hupelekwa Nairobi kwa bomba ambalo limekuwa likifanya kazi hiyo tangu 1978, na gharama ya njia huongezwa juu ya bei. Basi, alisema, natujaze madumu manne ya lita 20 hapa hapa Mombasa, tuyapange nyuma ya viti, tule faida ya shilingi 3 kwa kila lita. Nilipiga hesabu mbele yake: faida ni shilingi 240, madumu yenyewe, hata yakiwa matupu, hayapatikani kwa fedha hizo, petroli ya lita 80 ina uzito wa karibu kilo 60, nao ni uzito wa abiria mzima asiyetoa mchango, na tena ni abiria ambaye cheche moja ikimgusa, mazishi yetu hayatahitaji jeneza. Mke wangu alisema kwamba yeye hapandi bomu kwa ajili ya shilingi 240, na rai ile ikafa.

Rai ya pili ilikuwa ya kuliachia gari liporomoke miteremkoni bila ya gia, ili injini ipumzike na petroli isalimike. Itikadi hii ina wafuasi wengi kuliko tarika yoyote niijuayo, walakini haina ukweli katika magari ya siku hizi: gari likishuka likiwa ndani ya gia, na dereva asikanyage mafuta, hujikatia petroli lenyewe, likitolewa gia, hudai petroli kidogo ili injini isizime, na breki huachwa peke yake kuushika uzito wote hata zikashika moto. Shemeji alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kwamba vitabu ni vitabu na mteremko ni mteremko.

Yote haya yalikuwa utangulizi, na kitabu chenyewe kilifunguliwa tulipofika kwenye kugawa. Binamu alitolewa katika mchango kwa heshima ya gari lake, tukabaki watu sita, na shilingi 29,880 kwa watu sita ni shilingi 4,980 kila mmoja, idadi nzuri isiyo na masazo. Nami nilikuwa nimeshaanza kulifunga daftari, Shemeji aliposema kwamba kugawa kwa vichwa ni dhuluma, kwa kuwa gari halibebi vichwa, hubeba uzito, na karani mwenyewe ameshakiri kwamba uzito hula petroli. Akataka tuende dukani tukapande mizani. Shemeji ni mtu mwembamba sana. Ammu, ambaye mwili wake umeneemeka kwa kadiri ya umri wake, aliweka kikombe chini, akauliza, kwa upole ambao sisi tuliolelewa naye tunauogopa kuliko ukali, kama kuna mtu maalumu aliyekusudiwa na mizani hiyo.

Kabla jibu halijapatikana, mpwa wangu alidai haki yake naye. Yeye alikuwa anashuka Nakuru kwa shughuli zake, hafiki Kisumu, na Nakuru ni kilomita 640 hivi kutoka Mombasa. Kwa hiyo, alisema, hana sababu ya kulipia kilomita 190 ambazo hatazikanyaga. Ammu akamwambia: “Wewe utashuka, mwanangu, lakini kiti chako kitakwenda Kisumu kitupu, na kiti kitupu hakitoi mchango.” Kijana akataka kujua, ikiwa ni hivyo, gunia la nazi ambalo Shangazi alikuwa amekwisha kulileta mlangoni, nalo ni zito kuliko Shemeji, litalipa kiasi gani. Shangazi alijibu kwamba nazi zinakwenda kutiwa katika wali wa watu, na kwamba hajapata kusikia tangu azaliwe wali ukitozwa nauli. Hapo Ammu alitoa hukumu: kila mtu atoe sawasawa, nazi zipande bure, na mwenye kupenda mizani na apande reli, kwani imefika Kisumu tangu 1901, wala haikumsubiri yeye.

Wazee wetu walioongoza misafara ya kwenda bara hawakuwa na petroli, lakini walikuwa na hesabu hii hii: kila mpagazi alikadiriwa kibaba chake cha nafaka kwa siku, na kiongozi aliyeipunguza posho ili kufanya akiba alijua kwamba mizigo yake italala porini. Hekima hiyo haikumfikia Shemeji. Tuliondoka alfajiri, naye ndiye aliyekuwa amelipeleka gari kituoni usiku wake, na kwa kuwa hoja yangu ya uzito ilimwingia barabara, alijaza nusu ya tanki tu, akiamini kwamba petroli iliyo nyingi hulemea gari. Pale Mackinnon Road tulisimama, kama wasimamavyo wasafiri wengi, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, tukaomba salama, tukatia sadaka ambayo haikuwamo daftarini. Voi tulipita bila ya kutia petroli, kwa sababu Shemeji, aliyekwisha kushika usukani, alisoma bei ya kituoni akaiona imezidi shilingi moja, naye alikuwa na tamaa na kituo cha mbele. Mshale ulikuwa umelala kitambo, na kila tulipomwonyesha alisema kwamba chini ya mshale huwa kuna baraka.

Baraka ile ilikwisha katikati ya Tsavo, mahali ambapo kushoto ni mbuga na kulia ni mbuga, na kinyesi cha ndovu kiko kando ya lami, kingali kibichi. Tulikaa ndani ya gari kwa utulivu wa watu walio msikitini, mpaka kijana wa bodaboda akatuhurumia, akaenda, akarudi na petroli ndani ya chupa za maji, akatuuzia kwa bei ambayo Mamlaka haijapata kuitangaza. Shemeji alitaka kushindania bei. Shangazi, kutoka kiti cha nyuma, alimwambia alipe, na akalipa.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida. Palikuwa na chai Mtito Andei, machungwa Emali, na kabichi katika Soko Mjinga, kwa kuwa Shangazi hawezi kuiona kabichi ya bei rahisi akaiacha iteseke. Na nazi zilipoteremshwa Kisumu, mahali pake pakachukuliwa na samaki wa ziwani na barafu yao, na njiani wakaongezwa viazi, hata gari likarudi Mombasa likiwa zito kuliko lilivyotoka, na lenye harufu kubwa zaidi. Arusi ilifana.

Niliporejea nikajumlisha. Petroli, tukiziweka kando zile chupa za Tsavo, ilikaa karibu sana na neno la fundi, na gharama nyingine zote, za vinywa, sadaka, barafu na kabichi, zilikaribia kulingana na petroli yenyewe. Hivyo basi, msomaji, ukiazimia safari ya namna hii, chukua umbali wa kwenda na kurudi, ugawe kwa idadi ya fundi na uiache ya muuzaji, zidisha kwa bei ya mwezi ule, kisha zidisha tena kwa mbili kwa ajili ya jamaa zako. Jaza tanki kabla ya kuondoka. Na mchango ukusanye wote siku ile ile ya kikao, kahawa ikingali moto. Kwa maana mpwa wangu alishuka Nakuru akiwa ametoa nusu, na nusu ya pili hajaileta mpaka leo.