Prosesa Mpya, Keshi Ileile

Mwongozo huu ni wa wenye stesheneri pale njia panda ya Mwandiga, na wa yeyote mwenye kompyuta ya mezani ya mtumba iliyopita Kariakoo ikaja Kigoma kwenye buti la basi. Dalili unazijua. Mteja anataka kuprinti barua ya kuomba kazi, unabonyeza, mashine inawaza. Mteja anaanza kuchungulia daladala za mjini.

Kwanza kabisa, usifungue kasha. Ukilifungua utakuta vumbi jekundu limeziba feni, pengine na mjusi aliyekauka zamani. Pentium 4 ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo ukipuliza lile vumbi mashine inaweza kupona bure. Ikipona bure, prosesa utainunua kwa kisingizio gani?

Sasa nenda kanunue. Kanuni ni moja: kinachoingia kinafaa. Soketi ya LGA775, iliyotoka 2004, inapokea Pentium 4, Pentium D, Core 2 Duo na Core 2 Quad, zote umbo moja. Kama mashine yako ni Dell OptiPlex GX620, chomeka Core 2 Duo. Itakaa sawasawa, kifuniko kitafunga, feni itavuma, na kioo kitabaki cheusi hadi Idi, kwa sababu chipuseti ya 945G kwenye mazabodi ile haikuandaliwa kuitambua. OptiPlex 745 inazikubali Core 2 Duo za mwanzo, lakini E8400 ya 2008 inaikataa. Ile 755 inaipokea, ila BIOS, ile programu inayoiamsha mashine, isasishwe kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Wewe fanya kinyume: ng'oa ya zamani, iuze, ndipo ukumbuke BIOS. Na siku ya kusasisha chagua saa ambayo umeme unayumba.

Wakati wa kuchomeka, angalia kando uitikie salamu. Vipini vyote 775 viko kwenye soketi, si kwenye prosesa, na ni vyembamba mno. Kimoja kikipinda, kinyooshe kwa sindano ya kushonea bila miwani. Pasta ya joto ikikosekana, paka dawa ya meno: siku za mwanzo inapoza vizuri, kisha inakauka inakuwa chokaa. (Mawese tafadhali yaacheni kwenye sufuria ya migebuka. Nasema hivi kwa sababu wazo hilo limeshatajwa mbele yangu.)

Tukija kwenye keshi, hapa ndipo fundi hutengeneza jina. Keshi ni kumbukumbu ndogo iliyo karibu na prosesa, kama muuza duka anavyoweka vocha na kiberiti mezani ili asiende stoo kila mara. Core 2 Quad Q6600 imeandikwa keshi ya MB 8, lakini ndani ni vipande viwili, kila kimoja na MB 4 zake. Celeron ya kwanza, ya 1998, ilitoka bila keshi ya ngazi ya pili kabisa, na watu waliinunua.

Wala msidhani keshi feki ilianzia Kariakoo. Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974. Mlango ulipofunguliwa miaka ya 1990, duniani kulikuwa na mazabodi za 486 zenye chipu za keshi za plastiki tupu, zimechapwa “Write Back”, na BIOS iliyofundishwa kusema uongo kwamba KB 256 zipo.

Ukikuta Pentium ya enzi hizo stoo ya shule, yenye chipuseti ya 430TX, iongezee RAM ifike MB 128. Keshi yake inahudumia MB 64 tu, na Windows 98 hupenda kuanzia juu, kule kusikohudumiwa. Umeongeza RAM, umepunguza mwendo. Dai hela yako.

Mashine ikigandaganda, ingia BIOS uzime keshi ya nje. Ikiacha kuganda lakini ikatembea kwa magoti, mgonjwa ni keshi. Kwenye mashine za enzi hizo baadhi ya chipu za keshi huchomoka ukaweka nyingine. Kwenye Core 2 keshi imo ndani ya prosesa, ikifa imekufa nayo. Lakini hayo ni maelezo marefu. Mwambie mteja ni virusi, umpigie Windows upya.

Tarehe ikirudi nyuma miaka kadhaa kila asubuhi na intaneti ikigoma, ni betri ya CR2032. Ni bei ndogo mno. Usiitaje.

Kazi ikiisha, jiandae kwa maswali.

“Fundi, mbona bado nzito?”

“Bosi, prosesa iko poa. Sasa tatizo ni diski.”

“Basi nirudishie ile prosesa yangu ya zamani.”

“Ile nimeshaifunga kwa mteja wa Kasulu. Anasema inakimbia balaa.”