Roketi ya Shemeji na Nyenje wa Indiana

Katika mahasimu wote wa shemeji yangu, mkazi wa Indiana huko Marekani, hakuna aliyekwisha kumfedhehesha mbele ya kadamnasi kama kompyuta iliyo sawa na kidole gumba, ambayo aliinunua kwa fedha zake mwenyewe na kuitia tumboni mwa roketi yake ya kuchezea. Haina macho, wala mbingu haizijui. Ilmu yake yote ni kupima mgandamizo wa hewa ipenyayo katika vitundu vya ubavuni mwa roketi, kisha kukata shauri.

Ikingojea kurushwa, hulia kwa vituo kuarifu kwamba nyaya za kuwashia baruti ni salama. Upepo ukivuma haishtuki, maana imeusiwa isisadiki kuwa imeruka mpaka hewa ipungue kiasi cha kutosha. Siku ile, injini ilipowaka, sisi tulipiga mayowe; yenyewe ikawa inaandika mgandamizo mara 20 kwa kila sekunde. Hewa ilipokoma kupungua ikaanza kuzidi, ilifahamu kwamba kilele kimepita, ikalipua baruti ya kwanza, na parachuti dogo likachomoka. Iliposhuka hadi futi 500 ikalipua ya pili, likafunguka kubwa, hali sisi wenye macho tungali tukibishana roketi iko upande gani wa jua.

Ilitua katika shamba la mahindi. Desturi yake ikisha kutua ni kutangaza kimo ilichofika kwa milio, tarakimu baada ya tarakimu; na sifuri, kwa kuwa kimya hakihesabiki, hulizwa mara kumi. Msiba ni kwamba ulikuwa mwezi wa Agosti, na nyenje wa Indiana hawana staha. Shemeji, aliyekwisha kuwaahidi majirani futi 2,000, aliinama kati ya mahindi akihesabu kwa vidole.

“Mbili… kumi… kumi… kumi! Shemeji, umesikia?”

“Shemeji,” nikamjibu kwa adabu yote niliyobaki nayo, “huyo ni mdudu.”

Tulipoiokota roketi yenyewe ililia moja, kumi, tatu, kumi. Alisema imepigwa na jua.

Basi, msomaji, ukialikwa kwake ukamsikia akitaja futi 2,000, mwombe kwa upole akuonyeshe kompyuta ile. Kumbukumbu yake haifutiki hata betri ikitolewa, na imeandikwa 1,030.