Jinsi ya Kulihadaa Tumbo Dogo

Umefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito au, kama wasemavyo mtaani, umekata utumbo. Kilo zimeshuka, madera yanapwaya, na Ngamiani nzima hapa Tanga imeshatoa maoni yake. Hongera. Sasa sogea karibu nikwambie jambo ambalo siku za kushangilia mizani huwa halisemwi sana: inafika siku kupungua kunakuwa adui, na kazi yako inakuwa kula vya kutosha ili ubaki ulipo.

Kazi hiyo haifanywi kwa mabavu. Katika upasuaji wa kulikata tumbo libaki jembamba, hutolewa robo tatu yake au zaidi kidogo. Katika ule wa kuruka sehemu ya utumbo, kifuko kinachobaki huanza na ujazo wa mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani. Miezi ikipita nafasi huongezeka kiasi, lakini sahani ya zamani hairudi. Tumbo la namna hii ukilisukuma linarudisha. Linataka kuhadaiwa, na kwa ustaarabu.

Tuelewane mapema: hila hizi ni za aliyekwishavuka wiki za supu na vyakula vya kupondwa, akaruhusiwa kula vya kawaida, na daktari wake akamwambia kilo hizi zinatosha. Kama hujafika hapo, subiri. Zamu yako inakuja.

1. Usiingoje njaa

Sehemu ya tumbo inayotolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa. Ndiyo maana unaweza kushinda mpaka alasiri bila kukumbuka chakula, ukajipongeza kwa nidhamu. Usijipongeze. Tega simu: saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja usiku, na kitu kidogo saa mbili na nusu. Kama unaishi karibu na msikiti, adhana zitakusaidia kukumbuka tatu kati ya hizo.

Piga hesabu nami. Ukila mara tatu kalori 200, umepata 600, nazo hazimtoshi hata mtoto wa chekechea. Ukila mara sita kalori 250, umepata 1,500, na hapo tunaanza kuzungumza. Namba yako mwenyewe mtapanga na mtaalamu wa lishe, kwa kuangalia umbo lako na shughuli zako.

2. Kitoweo kwanza, adabu baadaye

Pwani tumelelewa kuanza na wali na kumwachia mkubwa nyama. Nyumbani kwako, geuza utaratibu huo bila kuona haya. Wataalamu wengi huweka gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na ukikosa hizo mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa kina 8. Gramu 100 za samaki zina 20 au zaidi.

Changu wa kupaka ni rafiki yako: nyama laini, na tui limeshaingia ndani. Kuku mkavu wa kukaanga hukwama kifuani. Pweza ni mtihani. Mchemshe hadi alegee, mkate vipande vya ukubwa wa punje ya harage, kisha mtafune mpaka asiwe na umbo. Wali, mkate na ugali vije mwisho, vijiko viwili vitatu tu, maana hujaza nafasi upesi kabla kitoweo hakijaingia.

3. Ficha utajiri ndani ya kijiko

Usiongeze bakuli, ongeza kilichomo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga au protini ina 4. Kwa hiyo kaa juu ya mbuzi, kuna nazi yako, tia maji ya uvuguvugu kidogo tu, kisha kamua kwa kifumbu. Lile la kwanza, zito, linaloacha utando mweupe kwenye kijiko, ndilo lako. Tui la pili wapikie wenye nafasi tumboni.

Nusu kikombe cha uji wa ulezi mtupu kina kalori kama 50. Koroga humo kijiko kimoja cha mezani cha siagi ya karanga na viwili vya maziwa ya unga: umepita 200, na bakuli ni lile lile. Mbaazi za nazi ziponde kwa mwiko. Mchicha uungie karanga. Kijiko cha mezani cha mafuta juu ya supu ni kalori 120 ambazo hakuna aliyeziona zikipita. Ila anza kidogo kidogo. Aliyerukwa utumbo akipakia mafuta mengi kwa mpigo huweza kuharisha, na kilichotoka hakihesabiki.

4. Tumia mlango wa uani

Chakula kigumu kinabisha hodi na kusubirishwa. Kioevu hupita. Kati ya mlo na mlo, kunywa maziwa au mtindi usio na sukari, mafunda madogo madogo, kwa muda wa nusu saa au zaidi. Bahati yako unaishi Tanga, mji ambao maziwa yake yanatafutwa hadi Dar es Salaam. Kikombe kimoja kina kalori 150 hivi. Kama maziwa yanakusumbua tumbo tangu upasuaji, mtindi mara nyingi huvumilika zaidi.

Masharti ni mawili. Usinywe ukiwa unakula. Subiri nusu saa baada ya mlo, vinginevyo maji yatachukua nafasi ya samaki. Na soda iache dukani, kwa kuwa gesi yake inajaza tumbo na sukari yake tutaizungumzia sasa hivi.

5. Njia ya mkato inayoishia shimoni

Najua unachowaza: kama tatizo ni kalori, si nile kashata nimalize? Hapana. Sukari ikishuka kwa kasi kwenye utumbo, hasa kwa aliyerukwa utumbo, moyo huenda mbio, jasho hutoka, tumbo husokota, na unatafuta choo cha jirani ukiwa na nguo zako za sikukuu. Huanza ndani ya nusu saa hivi. Kisha, saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaweza kuporomoka, ukatetemeka na kulegea. Kaimati, juisi ya miwa, chai ya vijiko vinne vya sukari: vyote huishia shimoni humo humo.

Njia ya mkato iliyo salama ipo mfukoni. Beba korosho. Kiganja kimoja, gramu 30 hivi, ni kalori 160 na gramu 5 za protini, na unazitafuna kwenye daladala bila mtu kukuuliza kitu. Parachichi la Lushoto liponde kwa chumvi na ndimu. Chungwa la Muheza usiliache, ila menya hadi ngozi nyeupe ya ndani, kamua vipande kinywani, nyuzi uziteme. Tumbo lililokatwa halisagi nyuzi vizuri, na zinaweza kufungamana humo zikawa donge.

6. Namna ya kushinda walima

Hapa ndipo wengi wanapofedheheka, na hapa ndipo penye utamu wa hila.

Kula kitoweo chako kabla ya kutoka nyumbani. Walima wa saa saba huiva saa tisa, na mlo wako wa saa saba usiuache upotee kwa ajili ya mpishi. Ukifika, kwepa sahani ya mtu mmoja. Sahani hiyo ni shahidi, kila mtu anaona ulichobakisha. Kaa kwenye sinia. Penye mikono minne au mitano, hakuna anayehesabu matonge yako. Mnong'oneze aliye kando yako mapema, "Somo, mimi leo mdomo tu, tumbo sina, nisaidie," naye atafurahi kuliko unavyodhani. Tonge liwe dogo, mkono uende na kurudi, taya zisisimame. Tafuta vipande vya nyama vilivyolainika ndani ya pilau. Wenzio wakimaliza, na wewe umemaliza.

Mwenye shughuli atapita tu. "Mbona huli, mwanangu?"

"Shikamoo shangazi. Nimekula, nimeshiba, alhamdulillah. Ila pilau hili siliachi, naomba unifungie nikale na wa nyumbani."

Hapo umemsifia mpishi, umemheshimu mwenyeji, na mlo wa kesho saa nne umepatikana bila kuwasha jiko.

Ramadhani ni jambo zito zaidi, na haina hila. Mgonjwa ana ruhusa ya dini, kwa hiyo zungumza na daktari kabla ya kunuia. Akikuruhusu, gawa usiku wote kuanzia Magharibi hadi daku: tende moja, si tano, uji ulioutajirisha, samaki baada ya Tarawehe, mtindi, kisha daku yenye mayai. Maji uyanywe katikati ya milo yote hiyo.

7. Tumia majivuno yako vizuri

Utaambiwa mambo mawili. Wa kwanza atasema, "Huyu kakonda, atakuwa na sukari." Wa pili atasema, "Umerudi usichana!" Wa kwanza atakuudhi na kupita. Wa pili ndiye wa kumchunga, maana sifa yake ndiyo itakayokufanya uruke mlo wa saa kumi ili upendeze zaidi.

Kupenda kupendeza si kosa, ni mtaji. Nywele hupukutika mwezi wa tatu hadi wa sita baada ya upasuaji, kisha kwa kawaida hurudi. Zikiendelea kupukutika baada ya hapo, huenda protini, chuma au zinki vimepungua. Uso unaodhoofu, mashavu yanayoingia ndani, mikono isiyoweza kubeba ndoo: vyote mara nyingi hutibika jikoni. Kwa hiyo kula kwa ajili ya kioo chako. Tembea jioni Raskazone, na mara mbili tatu kwa wiki inua kitu kizito kiasi, ili kalori zijenge misuli.

Nenda kwa fundi ukashonewe gauni moja linalokukaa barabara leo. Hilo ndilo kipimo. Likianza kupwaya, ongeza kijiko cha siagi ya karanga kabla hujatafuta sifa. Mizani panda mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi.

Na ushauri wa redioni upime kabla ya kuuvaa. Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kabla ya kwenda mwaka 2025 kuliongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, ameifundisha nchi nzima kupunguza sukari na wanga na kuacha kula ovyo kila saa. Somo la sukari ni lako pia. Lile la kupunguza milo ni la waliozidi, wewe umeshavuka.

8. Mtu mmoja tu usimhadae

Hila zote hizi ni za tumbo, za shangazi na za majirani. Daktari mpe ukweli mtupu. Kama ulifanyiwa Mloganzila, Dar es Salaam, ambako Muhimbili hutoa huduma za kupunguza uzito, ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga, na nauli itakushawishi kuahirisha kliniki. Usiahirishe. Muulize ni vipimo gani vya damu unaweza kufanya hapa Tanga katika Hospitali ya Bombo ukaenda Dar na majibu mkononi.

Vitamini na madini ni vya maisha yote: vitamini za jumla, B12, chuma, kalsiamu, D. Chuma na kalsiamu vitenganishe kwa saa mbili, na chuma usikimeze na chai, kwa sababu chai hukizuia.

Ukitapika siku kadhaa mfululizo, usingoje, usinywe dawa ya jirani, nenda hospitali. Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini B1, na ikiisha, macho huona viwili viwili, miguu huyumba, akili huchanganyikiwa, na madhara yake yanaweza yasifutike. Kilo zikiendelea kushuka wiki baada ya wiki hali unakula kwa kengele, nenda pia. Huenda kuna mbano au tatizo jingine lisilotibika kwa tui.

Leo anza na mawili tu: tega kengele sita kwenye simu, na chemsha mayai matatu yakae tayari. Mengine utayazoea ukiendelea.