Kijumba cha Mchungaji na Nyumba ya Bibi

Ndugu zangu wa Kibosho, Uru, Marangu na Rombo, nianze na suala la lugha kabla barua hii haijavunja ndoa ya mtu. Huku Uingereza kuna watu wanaolipa fedha nzuri kwenda kulala mwisho wa wiki katika nyumba ndogo. Najua sentensi hiyo ikisomwa kwa sauti kilabuni, mtu atacheka mpaka amwage kata nzima ya mbege. Simaanishi hiyo mnayoifikiria. Namaanisha nyumba ya kuta na paa ambayo ni ndogo kweli, kwa hiyo tuiite kijumba, na shangazi aendelee kusoma kwa amani.

Kijumba kinachopendwa sana huku hakikujengwa kwa ajili ya wageni. Ni kibanda cha mchungaji: sanduku la mbao na bati juu ya magurudumu ya chuma, lililokokotwa na farasi hadi malishoni msimu wa kondoo kuzaa. Mchungaji alilala humo na jiko lake, na wanakondoo dhaifu wakawekwa chini ya kitanda wapate joto. Leo kimepakwa rangi, kimetiwa godoro la maana, na wachumba kutoka London wanalipa pauni 100 na zaidi kwa usiku mmoja. Waziri mkuu mstaafu, David Cameron, alinunua chake mwaka 2017 kwa pauni 25,000, akakiweka bustanini ili aandikie humo kumbukumbu zake. Mliolelewa na bibi wa Kichagga mmeshashtuka: mtu, moto na mifugo chini ya paa moja! Si ndiyo msonge wetu huo, ulioezekwa kwa nyasi na majani makavu ya migomba, ng'ombe upande mmoja, mafiga katikati, kuni darini? Sisi tuliubomoa kwa aibu, kisha tukajenga mifano yake Marangu ili watalii waione kwa kiingilio.

Msije mkadhani Waingereza wamerogwa na udogo. Vyumba vidogo vimejaa London, na anayeishi humo analalamika kutwa. Chukua kibanda kilekile ukiweke nyuma ya kituo cha mabasi, hutampata mteja. Kinachouzwa ni mlango unaofunguka kwenye nyasi na ukungu wa asubuhi. Kitanda ni kisingizio tu. Marekani kanuni za ujenzi za mwaka 2018 zilikitambua kijumba kuwa nyumba isiyozidi mita 37 hivi za mraba, na mtu anatosha humo kwa sababu sebule iko nje. Hesabu hii wazee wetu waliipiga zamani. Nyumba ilikuwa ya kulala, kupika na kulinda ng'ombe. Maisha yenyewe yalikuwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Utafiti wa mwaka 1984 ulikuta kihamba cha wastani kina hekta 0.68, na ndani yake migomba, kahawa, magimbi, miti ya kivuli na majani ya mifugo, kila kimoja juu ya kichwa cha mwenzake, mfongo wa maji ukipita kando. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Mwingereza anatoza pauni 100 akiwa na nyasi, kondoo na mvua. Ninyi mna hicho kihamba, na mlima juu yake.

Sasa tutazame tunachokijenga. Desemba tunapanda nyumbani kwenda kuhesabiwa, kama wanavyotutania. Hata treni ya abiria iliporejea Moshi baada ya miaka mingi, ilikuwa Desemba ya 2019, kana kwamba nayo ina ukoo Machame. Geti linafunguliwa, jumba la vyumba vinane linapigwa deki, wiki mbili linang'aa. Januari geti linafungwa, na mwenye kulifaidi jumba ni mlinzi na mbwa wake, ambao hata hivyo wanalala kibandani. Gharama ya jumba si hoja yangu, kila mtu na fedha yake. Kinachoniuma ni ardhi. Vihamba vinagawanywa kila kizazi, na jumba pamoja na uwanja wake wa kuegesha magari saba vinameza migomba ileile iliyofanya mahali pale pawe nyumbani.

Mtasema ukoo hautoshei kwenye kijumba. Kweli, lakini mwendo wa Krismasi unajulikana: ukoo unakaa nje, kwenye nyama na mtori, na sebule yenye sofa za dhahabu inabaki na mtoto mmoja aliyenuna. Mtasema mgeni hatakubali kubanwa. Mbona Mandara na Horombo, kwenye njia ya Marangu ya kupanda mlima, wageni wanabanana kwenye vibanda vya mbao vya paa la pembe tatu, na wamevuka bahari kuvifuata? Kuhusu choo nisiseme sana. Vijumba vingi vya huku vina choo cha kumwagia maranda ya mbao, binamu halali wa kile mlichokifukia kwa kuona haya.

Hoja moja inanisumbua. Bibi hakuchagua udogo. Moshi ulimtoa machozi, mvua ilimvujia, na bati lilipofika alishangilia. Mgeni anajibana siku mbili kisha anarudi kwenye bafu lake la maji moto. Kubanwa maisha yote ni habari nyingine, na anayekusifia umaskini wako huku ana tiketi ya kurudi mfukoni asikilizwe kwa tahadhari, mimi nikiwemo. Tena kwetu jumba ni ushahidi kwamba aliyeondoka hakupotea, na makaburi ya wazee yako hapohapo kihambani. Mgeni hawezi kuzururazurura penye masale ya makaburi hayo bila kuelekezwa. Nayakubali yote. Ndiyo maana sisemi mzee aondolewe kwenye nyumba yake ya matofali. Nasema ile nyumba ya zamani ya bibi, iliyobaki tupu nyuma ya zizi, ya mbao na udongo, haina kosa la kubomolewa. Ikitiwa sakafu, dirisha na godoro, ikakatiwa leseni, italeta kitu mwaka mzima, na haitadai mgomba hata mmoja.

Nasikia fundi amekwisha kuitwa aje kuibomoa kabla ya Krismasi. Tafadhalini, mrudishieni nauli yake, kisha mnitumie vipimo vya ile nyumba ya bibi: urefu, upana, na mlango wake unatazama wapi.