Mshukiwa wa Kwanza ni Jirani wa Juu

Tetemeko la ardhi halisadikiwi mara moja. Mimi si mtafiti wa miamba, ni mtu mwenye jamaa waliotawanyika tu, lakini kila lilikonikuta nimeona sekunde za mwanzo zikitumika kumtafuta mshukiwa. Lori la mchanga limepita. Mashine ya kufulia imepandwa na wazimu. Presha. Ardhi yenyewe, ambayo ndiyo mwenye kosa, hukumbukwa mwisho.

Chukua Muscat, Aprili 16, 2013. Nilikuwa kwa shangazi yangu mtaa wa Ruwi, ghorofani, saa nane na kitu mchana, wakati ambao mji mzima umeshakula na kujilaza. Taa ya kuning'inia sebuleni ikaanza kupembea. Shangazi akafumbua jicho moja, akaitazama, akainuka bila haraka, akachukua ufagio na kuligonga dari kwa mpini.

"Kabati hilo kila siku wanalihamisha. Wanalipeleka wapi?"

Vikombe vilipoanza kugongana ndani ya kabati letu sisi, ndipo alipopiga shahada. Mumewe alikuwa ameshafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

"Tokeni! Tokeni nje!"

"Buibui langu liko wapi?"

"Buibui gani sasa, mke wangu? Nyumba inaanguka!"

"Na ianguke. Nikifukuliwa nifukuliwe na stara yangu."

Akalivaa. Akazima gesi. Akaenda chumbani kuchukua mkoba wa dhahabu, akarudi jikoni kuhakikisha kwamba gesi ameizima kweli, kisha akateremka ngazi taratibu, mkono kwenye ukuta, kama bibi harusi. Tulipofika chini tetemeko lilikuwa limekwisha zamani.

Mlinzi wa jengo alikuwa kwenye kiti chake anakunywa chai ya maziwa. Alitutazama, kundi zima la wapangaji wenye nywele zilizotimka, akauliza kwa adabu kama kuna sherehe. Hakuwa anatukejeli. Kitovu kilikuwa Iran, karibu na mpaka wa Pakistan, tetemeko la 7.7, na mawimbi yakisafiri mbali hivyo ile mishtuko ya haraka hufifia njiani. Hubaki mawimbi ya polepole, na hayo hayashughuliki na mtu aliyekaa kwenye kiti uani. Hutafuta majengo marefu na kuyapembeza. Siku hiyo hata Dubai maghorofa yalimwaga watu barabarani. Kule mpakani kwenyewe, upande wa Pakistan, nyumba za udongo ziliwaangukia watu, na habari hiyo ilipotufikia jioni shangazi aliacha kusimulia kisa cha buibui kwa muda.

Haya ya mawimbi hakuyataka. Yeye alilelewa Unguja, na huko bibi yake alimweleza mapema kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, na ng'ombe akichoka huihamishia pembe ya pili. Nilipomuuliza kwa nini basi aligonga dari badala ya kumwombea ng'ombe, hakunijibu, kwa sababu jirani wa juu alikuwa anatujia na watoto wake wawili mikononi. Alimsalimia shangazi kwa heshima zote, kisha akamuuliza, kama si siri, alikuwa akigonga nini kule chini mpaka sakafu yao yote ikatikisika.

Nairobi hawagongi dari. Mji uliokumbuka bomu la Agosti 7, 1998 haukuwa na subira ya kutafuta kabati la nani linahamishwa. Julai 2007 ulishuka ngazi kwanza, ukauliza baadaye. Kwa siku kadhaa eneo la Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai upande wa Tanzania, lilikuwa likitetemeka, na Jumanne jioni ya tarehe 17 likaja kubwa kuliko yote, 5.9. Ofisi zikabaki na makoti kwenye viti. Sasa, mtikisiko wa jioni una faida zake, nao wafanyakazi wa Nairobi si watu wa kuelezwa faida mara mbili. Mwenzetu mmoja wa idara ya hesabu alianza kuhisi mitetemo ambayo sisi wengine hatukuihisi, hasa baada ya chakula cha mchana, na kila akiihisi hakurudi hadi kesho yake. Bosi alikuwa karibu kumwandikia barua. Septemba mlima ukalipuka kweli, ukarusha majivu angani, na mwenzetu akapita meza hadi meza akisema, "Mnaona?"

Bukoba ni habari nyingine. Namba ni ile ile, 5.9, ila safari hii sisi ndio tuliokuwa majirani wa karibu. Ilikuwa Jumamosi, Septemba 10, 2016, tumekwenda kijiji kimoja nje ya mji kumtolea binamu yangu mahari. Saa tisa na nusu ilikuwa inakaribia, na mazungumzo yamefika kwenye mkaja wa mama, mahali ambapo watu wazima hupoteza urafiki wa miaka. Mshenga wetu akataja kiasi. Mzee wa upande wa binti akakunja uso. Pakawa kimya, halafu ikaja ngurumo, si ya juu bali ya chini ya miguu yetu, na chumba kikasogea.

Mshenga aliitazama kwanza bilauri yake ya rubisi. Nilimwona. Aliiweka chini kwa uangalifu wa mtu anayeweka ahadi, na ndipo sote tukakimbilia migombani, wakweze na wakwe tukipigana vikumbo bila kujali itifaki. Ukuta wa sebule ulipasuka kutoka dirishani hadi juu. Vumbi lilipotulia, wa kwanza kusema alikuwa yule mzee.

"Mmesikia wenyewe. Hata ardhi imekataa kiasi hicho."

Tulicheka mpaka simu zilipoanza kuita. Mjini nyumba zimeanguka, watu wamekufa. Idadi ikapanda hadi 17 na kuendelea, majeruhi zaidi ya 200, shule za Ihungo na Nyakato hazifai tena kuingiliwa na wanafunzi. Hakuna aliyetaja mkaja tena siku hiyo. Usiku hakuna aliyethubutu kulala ndani, maana ardhi ilikuwa bado inakohoa, kwa hiyo mablanketi tuliyoyaleta kama sehemu ya mahari yakafunguliwa papo hapo, na tukajifunika nayo wote, watoaji na wapokeaji, chini ya migomba.

Asubuhi mzee aliamka na hoja mpya. Ukuta umepasuka mbele ya wageni, akasema, na mgeni mwema haondoki akaacha ufa. Orodha ikafunguliwa upya. Mifuko ya saruji iliandikwa chini ya mbuzi.

Dar es Salaam lilinikuta Agosti 12, 2020, saa mbili usiku na dakika chache, kutoka baharini, karibu 6. Wataalamu hushauri kujikinga chini ya meza imara na kukaa mbali na kuta. Meza yangu ilikuwa ya plastiki. Basi nikatoka na wenzangu, mwingine na khanga, mwingine na taulo, mwingine na povu zima kichwani, tukajipanga vizuri kando ya ukuta wa uzio, huku mama mmoja akiuliza kama bahari iko mahali pake. Hakuwa anapayuka: tsunami ya Desemba 2004 ilitoka Sumatra ikafika hadi fukwe zetu na kuua waogeleaji.

Wiki hiyo mwenye nyumba akaja na tochi. Juu ya mlango wangu pana ufa niliokuwa nikimlalamikia tangu nilipohamia, na jibu lake lilikuwa moja, kwamba huo si ufa, ni rangi imechoka. Sasa aliumulika kutoka mwanzo hadi mwisho, akaupapasa kwa huruma.

"Tetemeko limetuumiza sana."

"Mzee, huu ulikuwepo."

"Siku ile wewe ulikuwa ndani au hukuwa?"

"Nilikuwa ndani."

"Likatikisa?"

"Likatikisa."

"Basi. Hii ni kazi ya Mungu. Unataka mimi nigombane na Mungu kwa ajili ya chumba na sebule?"

Akazima tochi. Alipofika getini akageuka kuniambia kwamba, kwa sababu ya maafa, mwaka huu kodi hataipandisha.